Kabla hamjainunua programu ya kutuliza watumishi: jibu kwa muuguzi mfawidhi wa Bahi

Swali

"Shikamoo daktari. Mimi ni muuguzi mfawidhi katika kituo cha afya wilayani Bahi. Amekuja kijana wa kampuni fulani na programu ya simu ya kuwasaidia watumishi wa afya wasielemewe na kazi. Mtumishi anajaza kila siku anavyojisikia, anapewa mazoezi ya kupumua na sauti za kumlaza, na kuna roboti ya kuchati naye akiwa na mawazo. Uongozi utaona hali ya kituo kwenye kompyuta. Malipo ni kwa kichwa, kila mwezi, na fedha zitatoka kwenye mapato ya ndani. Mganga mfawidhi anataka maoni yangu kabla ya kikao. Watumishi wamechoka kweli, wawili wameomba uhamisho. Je, programu hizi zinasaidia? Ipi ni nzuri? Hata mimi mwenyewe, tangu tumpoteze yule mama leba, usingizi wangu ni wa mang'amung'amu."

Jibu

Marahaba, dada. Barua yako nimeisoma yote, na nitaanzia kule mwisho, maana habari za watumishi wako umezieleza kwa kirefu na zako umezimaliza kwa sentensi moja.

Unachopitia kinafahamika vizuri. Mwaka 2000 daktari mmoja wa Marekani, Albert Wu, aliandika katika BMJ, jarida la kitabibu la Uingereza, kwamba kosa la kitabibu linapotokea, mwathirika wa kwanza ni mgonjwa, na wa pili ni mhudumu aliyekuwa naye. Yeye alizungumzia makosa. Sisi tunaiona hali hiyo hiyo hata pale muuguzi alipofanya kila alichopaswa kufanya: mama amefika amechelewa, damu hakuna, gari la wagonjwa bado liko njiani. Muuguzi anarudia tukio kichwani dakika kwa dakika, akitafuta mahali ambapo angeweza kufanya vingine. Anaanza kuiogopa zamu. Kwa wengi hupungua baada ya wiki chache. Yako haijapungua, kwa hiyo usiiache ijiendee tu.

Chukua dodoso la PHQ-9, lile la maswali tisa ya kupima sonona, ulijaze kwa karatasi ukiwa peke yako. Kila swali lina alama 0 hadi 3, jumla ni 27. Ukifika 10 au zaidi, muone mtaalamu wa afya ya akili wiki hii. Swali la tisa, linalouliza kama umekuwa ukiona bora ufe au ujidhuru, litazame peke yake: ukiweka chochote zaidi ya sifuri, nenda siku hiyo hiyo, tena usiende peke yako. Na si lazima umwendee daktari mnayekunywa naye chai ya saa nne. Mirembe ni hospitali ya taifa ya afya ya akili na iko hapo hapo Dodoma mjini. Wanaohudhuria kliniki yake ni watu wa kila kazi, wauguzi wakiwemo. Najua utani unaomfuata mtu akionekana getini pale. Wapo waliochelewa kutibiwa kwa kuuogopa utani huo tu.

Sasa programu. Zinasaidia kidogo, kwa baadhi ya watu, kwa mambo machache.

Nchini Hispania, mwaka 2020, wakati korona imepamba moto, wahudumu wa afya 482 walishirikishwa katika jaribio la programu iliyotengenezwa kwa ajili yao. Kundi moja lilipewa programu yenye mazoezi, jingine likapewa yenye maelezo mafupi tu. Baada ya wiki mbili makundi hayo, kwa jumla, hayakutofautiana. Walioonekana kupata nafuu ni wale waliokuwa tayari kwenye dawa za afya ya akili au tiba ya mazungumzo. Uingereza nako watafiti waliwafuatilia watumishi wa afya 2,182, wakilinganisha Headspace, programu ya mazoezi ya kutuliza akili, na tovuti ya ushauri ya huduma yao ya afya, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 2022. Waliotumia Headspace msongo wao ulipungua zaidi, ila tofauti ilikuwa ndogo. Mimi nasoma hivi: programu inamfaa mtu ambaye tayari ana msaada mwingine, na inamfaa mwenye msongo wa kawaida anayetaka kujifunza kutulia. Muuguzi aliyefika pabaya akikabidhiwa simu peke yake, hajasaidiwa.

Halafu kuna jambo ambalo muuzaji hawezi kukutajia. Watu huacha. Mwaka 2019 ulichapishwa uchambuzi wa matumizi halisi ya programu 93 za afya ya akili: siku ya 15 baada ya kuisakinisha, kwa programu ya wastani, waliokuwa bado wanaifungua ni asilimia 3.9, na siku ya 30 ni asilimia 3.3. Ukiwa na watumishi 30, hesabu hiyo inakuachia mtu mmoja mwishoni mwa mwezi, huku kituo kikilipia vichwa 30. Na hiyo ni kwa watu walioitafuta wenyewe kwa hiari yao. Watumishi wako watakuwa wameambiwa kikaoni wapakue, kwa bando lao, kwenye simu ambazo kumbukumbu imejaa picha za watoto na video za harusi.

Sauti za kulalia nazo, nyingi ni mvua na vijito. Mkulima wa mpunga wa Bahi akisikia mvua usiku hapati usingizi, anaamka kufikiria majaruba.

Nilipofika pale uliposema uongozi utaona hali ya kituo kwenye kompyuta, nilirudia kusoma. Fikiria leba yako ina wauguzi wanne. Ripoti ya mwezi inasema leba ina msongo wa juu. Majina hayapo, lakini kituo kizima kinajua nani amefiwa, nani ameachwa na mume, nani ameomba uhamisho. Hapo siri imebaki wapi? Baada ya ripoti ya kwanza watu watajifunza kubofya "niko vizuri" kila asubuhi kabla ya kupiga mswaki. Mganga mfawidhi ataona kijani tupu, kikao cha halmashauri kitapelekewa kijani tupu, na siku ukiomba muuguzi wa ziada utaulizwa: si watumishi wako wako vizuri?

Wala usidhani kampuni kubwa za nje zimelimaliza tatizo hili. Mwaka 2022 shirika la Mozilla lilikagua programu 32 za afya ya akili na za maombi, na 28 kati yake zikapewa alama ya onyo kuhusu faragha. Mwaka uliofuata BetterHelp, kampuni ya Marekani ya ushauri nasaha mtandaoni, ilitakiwa na serikali ya huko kulipa dola milioni 7.8 kwa sababu ilizipeleka taarifa za wateja wake kwa Facebook, Snapchat na wengine kwa ajili ya matangazo, baada ya kuwaahidi usiri. Kwetu ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na ipo Tume ya kuisimamia. Taarifa za afya ya mtu zimo katika kundi la taarifa nyeti, na anayezikusanya anapaswa kusajiliwa na Tume. Mwombe kijana huyo cheti cha usajili. Akianza kukueleza kwamba mchakato unaendelea, mwambie na ninyi mchakato wenu unaendelea.

Ile roboti ijaribu mwenyewe mbele yake. Usiandike sentensi za vitabuni. Andika kama wauguzi wako wanavyosema wakichoka kupita kiasi: "nimechoka na dunia", "natamani nilale nisiamke", "watoto wangu wangekuwa afadhali bila mimi". Iandikie kwa Kiswahili chetu, na makosa ya kuandika saa nane usiku yaweke pia. Ikijibu kwa kukushauri unywe maji na utembee kidogo, umeshapata maoni yako ya kikao. Inayofaa ingesimamisha mazungumzo mengine yote, ikuulize moja kwa moja kama unafikiria kujiua, na ikupe namba ya mtu wa hapa hapa nchini anayepokea simu usiku. Uliza pia itakuwaje kampuni ikifunga biashara. Woebot, roboti ya mazungumzo iliyosifiwa sana Marekani, ilifungwa katikati ya 2025, na watu waliozoea kuongea nayo kila siku ikabidi waage.

Nisingeanza na programu mpya kabisa. Ningeanza na ile inayowaamsha watumishi wako kila siku, yaani WhatsApp.

Chukua muuguzi aliyetoka usiku. Amekabidhi ripoti saa moja na nusu asubuhi, akazuiwa kwenye kikao cha asubuhi hadi saa tatu kwa sababu "usiondoke, kuna jambo la leba", amefika nyumbani saa nne kasoro, amejilaza chini ya mabati yaliyoanza kushika moto. Saa nne na robo simu inatetemeka, ni grupu la kituo, wanataka patografu, ile karatasi ya kufuatilia uchungu wa mama: "Aliyekuwa leba usiku, patografu ya kitanda cha pili haijakamilika. Maelezo tafadhali." Wenzake watatu wanaweka dole gumba. Anakaa kitandani, anaandika maelezo, anayafuta, anaandika tena kwa adabu zaidi. Saa tano ni grupu la wilaya, ripoti ya chanjo. Saa sita ni mchango wa msiba wa shemeji wa mhudumu wa maabara. Jioni anarudi kazini akiwa amelala vipande vipande, na unamsikia anamfokea mama mwenye uchungu. Muuguzi huyu mazoezi ya kupumua yatamfaa nini, kama hajalala?

Wewe una mamlaka ya kubadilisha hilo bila senti moja ya mapato ya ndani. Dharura iwe ni kupiga simu. Ujumbe wa grupu usihesabiwe kuwa dharura. Aliyetoka usiku asitajwe wala asipigiwe kabla ya saa tisa alasiri. Maelezo ya kosa yaombwe ana kwa ana, mtu akiwa amelala, kamwe yasiombwe mbele ya watu sitini kwenye grupu. Picha za wagonjwa zisirushwe humo hata kama uso umefichwa. Karibu kila simu huku kwetu ina laini mbili, basi laini ya kazi izimwe mtu akiwa mapumzikoni, na kwa wasiotaka kuzima, kwenye mipangilio ya Android ya Kiswahili kuna kitu kinaitwa Usinisumbue, kinachoweza kuruhusu simu ya mama au ya mtoto ipite na mengine yote yanyamaze. Mganga Mkuu wa Wilaya huwezi kumpangia saa za kuandika. Unaweza kuwa wewe ndiye unayemjibu, ili wale walio chini yako wajue kwamba kimya chao hakitawaponza. Ila sheria hii utaivunja wewe kabla ya mwingine yeyote, kwa sababu wafawidhi ndio wanaoandika usiku, wakiwa kitandani, wakikumbuka mambo. Andika, lakini usitume mpaka asubuhi.

Siku ya kifo leba grupu ndilo hatari zaidi. Kikao cha kupitia vifo vya uzazi kina kanuni yake ya kutotaja jina, kutolaumu na kutoaibisha, na kanuni hiyo huvunjwa kwenye simu saa mbili tu baada ya tukio, kikao chenyewe kikiwa hakijaitishwa. Kuna kosa jingine linalofanywa kwa nia njema: kuwakusanya wote waliokuwepo na kuwalazimisha wasimulie kila walichoona na walivyojisikia. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2013, lilishauri kikao cha namna hiyo kisitumike kwa watu waliotoka kwenye tukio la kutisha, kwa kuwa hakizuii madhara ya baadaye. Fanya madogo. Muulize muuguzi aliyekuwepo: amekula? Nani anampeleka nyumbani? Asipande bodaboda peke yake usiku ule. Zamu inayofuata mpangie kliniki ya watoto au mapokezi, umwambie wazi kwamba si adhabu. Baada ya wiki mvute pembeni umuulize usingizi wake. Akitaka kusimulia, msikilize, asipotaka, mwache.

Rosta sasa. Najua utaniambia watumishi hawatoshi, na ni kweli. Lakini hata wachache wanaweza kupangwa vibaya au vizuri. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataja saa 45 za kawaida kwa wiki, na mapumziko ya saa 12 mfululizo kati ya kumaliza kazi na kuanza tena, ukiacha dharura. Tazama rosta yako ya mwezi uliopita utafute walioingia jioni, wakatoka saa mbili usiku, kisha wakarudi asubuhi ya pili yake saa moja na nusu. Hayo ni mapumziko ya saa kumi na moja na nusu kwenye karatasi. Ukitoa safari, kupika na kuwalaza watoto, usingizi haufiki saa sita. Ukiiondoa jioni inayofuatwa na asubuhi, na ukawazungusha watu kutoka asubuhi kwenda jioni kisha usiku badala ya kuwarudisha nyuma, utakuwa umefanya ambalo hakuna simu inayoweza kulifanya. Na aliyetoka usiku apewe nafasi ya kwanza kukabidhi ripoti, aende zake; la leba lisubiri.

Hili si wazo langu peke yangu. Katika orodha ya magonjwa ya ICD-11, iliyoanza kutumika Januari 2022, Shirika la Afya Duniani linauelezea uchovu huu wa kazi kuwa jambo linalotokana na ajira, na haliuiti ugonjwa: nguvu kwisha, moyo kujitenga na kazi, na kuona hufanyi la maana. Mwongozo wao wa afya ya akili kazini, wa mwaka huo huo, unataka mazingira ya kazi yarekebishwe na wasimamizi wafunzwe, pamoja na kumsaidia mtumishi mmoja mmoja.

Kwa huyo mmoja mmoja, vya bure vinatosha kuanzia. PTSD Coach, ya waliopitia tukio la kutisha, na Mindfulness Coach, ya kujifunza kutuliza akili, ni programu za idara ya Marekani inayohudumia askari wastaafu. Hazilipiwi, hazikulazimishi kufungua akaunti, na ya kwanza imepakuliwa katika nchi zaidi ya 100. Ni za Kiingereza, lakini wauguzi wako wamesoma kwa Kiingereza. Kabla ya kubofya "Sakinisha" kwenye programu yoyote, shuka chini hadi "Usalama wa data" usome inachukua nini na inampa nani. Ya kupumua ikitaka orodha ya namba zako za simu, iache.

Wasiopenda Kiingereza, warekodini wenyewe. Chagua muuguzi mwenye sauti tulivu, kila kituo anaye mmoja. Akae chumba kisicho na upepo, afungue kinasa sauti cha simu, aongoze taratibu kwa dakika tano: vuta pumzi kwa hesabu ya nne, itoe kwa hesabu ya sita, mabega yashuke, taya ilegee, rudia. Hiyo inakupa kama pumzi sita kwa dakika, mwendo ambao moyo hutulia nao. Faili la sauti la dakika tano linakula bando kidogo sana, na linasikilizwa hata mtandao ukikatika. Msidharau sauti iliyorekodiwa. Nchini Uganda, kozi ya Shirika la Afya Duniani iitwayo Self Help Plus ilifundishwa kwa sauti iliyorekodiwa, katika vikundi, vikao vitano vya saa mbili mbili, kwa wanawake wakimbizi kutoka Sudan Kusini. Walishiriki wanawake 694, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionyesha miezi mitatu baadaye waliohudhuria kozi walikuwa na dhiki ndogo kuliko wenzao. Tazama kilichokuwepo pale: sauti, lugha yao, na watu waliokaa pamoja.

Kuhusu usingizi wa mchana, kanga mbili nzito dirishani na kahawa ya mwisho kabla ya saa nane usiku, maana kwa watu wengi nusu ya kahawa bado iko mwilini baada ya kupita muda wa saa tano hivi.

Kikaoni sema hamnunui kwa sasa. Mkiona aibu kumkatalia kijana kabisa, mpeni nafasi ya majaribio kwa masharti ya maandishi: miezi miwili bila malipo, kwa wanaojitolea tu, wajisajili kwa namba zao binafsi bila jina la kituo, uongozi usione chochote, na mtu akijitoa taarifa zake zifutwe. Mwisho wa miezi hiyo aseme kwa maandishi wangapi walianza na wangapi walikuwa bado wanaifungua wiki ya mwisho. Na wale wawili walioomba uhamisho waulize wenyewe, mmoja mmoja, kabla ya kikao, ni kitu gani kikibadilika wangebaki. Majibu yao yapelekwe kwa mganga mfawidhi pamoja na rosta ya mwezi uliopita.